Kicheko Chini ya Leso

Cucu, bibi yangu, Wambui mwenzangu,

Najua huko uliko hakuna posta, na hata ingekuwepo hungeisoma barua hii mwenyewe. Ungemshika mtu akusomee, halafu ungemkatiza kila sentensi ukimuuliza, "Hapo amesema nini? Rudia hapo." Basi nimeamua kuiandika wazi, atakayeisoma na aisome, maana juzi kuna jambo limetokea kanisani na siwezi kulieleza bila kuanzia kwako. Wengine huwaandikia marehemu wao kwa machozi. Mimi nakuandikia nikicheka peke yangu mezani, na jirani wa chini ameshagonga dari kwa mpini wa ufagio. Aendelee kugonga.

Unakumbuka kibanda chako pale soko la Toi? Blauzi za akina mama zimetundikwa mpaka juu, na wewe umekalia robota la mitumba, gambuti miguuni, leso kiunoni, ugoro mfukoni. Wenzako waliita wateja kwa kupiga makofi na kuimba bei. Wewe ulicheka. Kicheko chako kilianzia tumboni, kikapanda kikigongagonga, kikafika juu kabisa na kumalizikia kwa ile sauti nyembamba, hiiii, huku mkono ukipiga paja. Watu waliokuwa wakitembea mtaani kwetu Woodley walijua kwamba Wambui amefungua duka. Walikuja kuona kinachochekesha, wakaondoka na blauzi.

"Mama, kwani unacheka nini?" mtu angekuuliza.

"Nacheka vile utapendeza na hii!" ungejibu, na tayari umeshampima mabegani.

Mimi nilikuwa binti wa kwanza wa mwanao, na kwa desturi yetu jina langu halikujadiliwa. Likawa lako. Kuna wanaofikiri jina ni jina tu, la kuitiwa chakula. Wewe hukufikiri hivyo hata kidogo. Kwako mimi nilikuwa wewe, umeanza upya. Baba aliniita Mama tangu nikiwa kwenye nepi. Nikiugua, wewe uliwaambia wateja kwamba leo una homa. Nikipita mtihani, ulijisifu soko zima kwamba umepita hesabu, wewe ambaye hukuwahi kukanyaga darasa. Na kicheko nacho nilikirithi kizima, pamoja na ile hiiii ya mwishoni.

Nikiwa darasa la tano, mwalimu wa kwaya aliniambia nisimame safu ya nyuma, nifungue mdomo kama wenzangu, lakini nisitoe sauti. Sauti yangu, alisema, inawafunika wengine. Nilikuambia habari hiyo jioni ukinisuka. Vidole vyako vilisimama kichwani mwangu.

"Ati nani amenyamazishwa?"

"Mimi, Cucu."

"Hapana. Huyo mwalimu amenyamazisha mimi."

Kesho yake ulifika shuleni na gambuti zako za sokoni. Mimi nilikuwa dirishani nikitamani ardhi ipasuke, na papo hapo nikitamani isipasuke kabla sijaona. "Mwalimu," ulimwambia, "nimesikia umeniambia nifungue mdomo na nisitoe kitu. Sasa nikae hivyo kama samaki?" Maskini mwalimu alikutazama juu mpaka chini, hakujua ni lini amewahi kukufundisha. Ukamwekea mkono begani. "Mimi ni Wambui. Tuko wawili. Huyo mdogo ni mimi wa asubuhi." Siku ya mashindano niliimba kwa sauti yangu yote. Hatukushinda kitu, lakini ulipiga vigelegele virefu hivi kwamba mwamuzi aliweka kalamu chini akangoja umalize.

Halafu ukatuacha, Cucu. Nilikuwa nimemaliza chuo tu, bado natembeza bahasha za kuomba kazi. Nilikulilia, ndiyo, lakini sikuelewa hasara yenyewe mpaka baadaye. Hasara ilikuwa kwamba hapakuwa tena na mtu wa kunivalia gambuti.

Nilipata kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno huko Hurlingham, ghorofa ya juu, barabara ya Argwings Kodhek ikipita chini. Viti vya ngozi, tangi la samaki, magazeti yamepangwa. Siku yangu ya kwanza mzee mmoja alinisimulia vile meno yake bandia yalivyoanguka kwenye bakuli la mchuzi mbele ya wakwe zake, na vile kila mtu alijifanya hakuona, mpaka mkwe mmoja akayachota na upawa akamwekea kwenye sahani. Nikacheka. Nilicheka kicheko chetu, bila kupunguza. Milango ikafunguka huku na huku, daktari akatoa kichwa, na meneja wetu, mama nadhifu ambaye viatu vyake havikulia hata kwenye vigae, akanivuta kando.

"Wambui, watu wanakuja hapa wakiwa na maumivu," alisema. "Hapa si sokoni."

Angenikaripia ningemjibu, unanijua. Alisema kwa upole, akanigusa kiwiko, na upole huo ndio ulioniingia. Nikajiona nimekaa pale nikiwa na vumbi la Toi mwili mzima. Kazi nilikuwa naihitaji. Basi nikajifunza kucheka kwa mabega bila sauti, na baada ya muda mabega nayo nikayatuliza. Mwishowe nikabaki na tabasamu tu, midomo imefungwa, na nikawa nazungumza na simu kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Meneja akanisifu, akasema nimekomaa.

Hapo ndipo akaja Wekesa. Alikuja amefura shavu kama mtu aliyeficha mandazi mazima mdomoni, amejifunga skafu ya dada yake yenye maua, na badala ya kusema jina lake akanionyesha kitambulisho. Zamani ningeanguka chini ya meza. Nilimpa tabasamu langu la Hurlingham, nikamwandikia miadi. Aliporudi akiwa amepona alinikaribisha chai kwenye mkahawa pale Adams. Alikuwa kijana wa mahesabu, mtaratibu, kwao ni magharibi lakini wazazi wake walikuwa wamejenga Karen, mtaa wa matajiri, siku nyingi.

"Unajua nini nilipenda kwako?" akaniambia. "Umetulia."

Neno hilo lilinifunga kama kamba ya mbuzi. Alinipenda nikiwa kazini, kwa hiyo sikuwahi kutoka kazini. Miaka miwili, Cucu! Tukienda sinema, niko kazini. Tukitembea Ngong Road tukila mahindi ya kuchoma, niko kazini. Na yeye, maskini, alikuwa na vichekesho vyake, vibaya vya kusikitisha, vya wahasibu kukosana na vikokotoo. Kila alipomaliza kimoja nilitabasamu. Alikuwa ananitazama kidogo, kisha anatazama kikombe chake. Nilidhani ananisifia utulivu.

Aliponipeleka kwao mara ya kwanza, Mama alinipigia pasi gauni akinipa mawaidha. "Huko Karen watu hucheka na meno ya mbele tu," alisema. "Na wewe ufanye hivyo hivyo. Usituaibishe." Nilikwenda. Nyumba kubwa, miti mikubwa, saa ya ukutani unaisikia ikitembea. Mamake Wekesa alikuwa mrefu, mkimya, anakutazama mpaka unajikagua vifungo. Katikati ya chakula mzee wa nyumba akaanza kusimulia habari za jogoo wake, ambaye aliwika alfajiri mpaka jirani mmoja, mtu wa heshima zake, akaja getini na pajama kumwomba jogoo msamaha kwa lolote alilomkosea. Ati jirani alizungumza na jogoo! Kupitia geti! Nilishika kiti. Nikabana mbavu. Kicheko kilipokosa njia kikageuka kwikwi, nikawa naruka kwenye kiti kila baada ya tonge.

Mama Wekesa aliinuka, akaniletea maji, akasimama juu yangu. "Kunywa. Kwani kuna kitu imekukwama?"

"Hapana, Mama."

"Mh," akasema, na akakaa.

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Mambo ya mahari yalikuwa yanakwenda mbio na mimi nilijua jambo moja: nikiolewa kimya, nitakaa kimya mpaka nizikwe. Haingewezekana nianze kucheka baada ya kuingia ndani. Angesema amedanganywa, na angekuwa amesema kweli. Na nikicheka kabla, je, asipomtaka huyo mwenye kicheko? Nilimpenda, Cucu. Hilo ndilo lililonitisha. Kama nisingempenda ningemchekea usoni siku ya skafu, mambo yakaisha.

Siku ya ruracio, ya kutoa mahari, ikafika. Watu wa Wekesa walishuka Woodley na magari yao, wazee kwa suti, akina mama kwa vitambaa vya kung'aa, wakakaa kwenye tenti katika uwanja wetu mdogo. Majirani wa nyumba za baraza la jiji walijaa nje ya ua, wale waliokosa mwaliko na wale waliokuwa nao lakini wakapenda kuonea nje. Wewe mchezo unaujua, ila huenda anayesoma barua hii haujui. Kwetu bwana harusi haonyeshwi mchumba wake hivi hivi. Wasichana wa nyumba wanafunikwa leso kuanzia kichwani mpaka miguuni, wanakalishwa kwenye benchi, naye anatakiwa amtambue wa kwake bila kumfunua. Akikosea, faini. Mbuzi anaongezwa, na anachekwa na ukoo mzima mpaka wajukuu.

Nilipokuwa chumbani nikivishwa, nilifungua sanduku la Mama nikatoa leso yako. Ile ya Toi. Bado ilikuwa inanuka ugoro.

"Hiyo imechakaa, chukua mpya," Mama akasema.

"Nataka hii."

Alinitazama, akaona sitabadilisha. "Haya. Lakini usitikisike. Usikohoe. Na usicheke, Wambui, nakuomba, watu wa Karen wako hapo nje."

Tulitoka tumefunikwa, tunashikwa mikono kama vipofu. Tulikuwa mimi na binamu zangu, na kwa kuwa msichana mmoja alikuwa amekwama njiani, wakamchukua mdogo wako Cucu Nyokabi kuziba pengo mwisho wa benchi. Unamjua Nyokabi. Ni yule anayesinzia popote anapokalishwa. Kwenye mazishi yako alilala kuanzia wimbo wa kwanza mpaka udongo, na hakuna aliyemlaumu kwa kuwa hata wewe ulikuwa unasema dada yako alizaliwa na mto chini ya kichwa.

Wakamleta Wekesa. Kupitia nyuzi za leso niliona viatu vyake vyeusi vikianza upande wa kwanza, vikisimama, vikisogea. Akina mama walikuwa wanaimba, wanamtania, "Angalia vizuri, mwanangu, usije ukaoa shemeji!" Viatu vikafika mbele yangu. Nilimsikia akimeza mate, alikuwa karibu hivyo. Moyo wangu ukawa unamwambia, ni mimi, si unijue hata kwa kupumua. Viatu vikapita.

Vikarudi. Vikasimama tena mbele yangu. Vikapita tena.

Sikumkasirikia. Angenijuaje? Kila kitu ambacho mtu angenijua nacho nilikuwa nimekificha mwenyewe, kidogo kidogo, kwa bidii, na nikasifiwa kwa kazi hiyo. Niliumia kweli kweli. Nilikaa chini ya leso yako nikajiona kama nimekwisha kufa, na watu wanakuja kunioa.

Viatu vikafika mwisho wa benchi na vikatulia huko. "Ni huyu," nikamsikia Wekesa akisema. "Nina uhakika."

"Kwa nini una uhakika?" akauliza baba mdogo, msemaji wetu, akijitahidi sauti isimtoke na kicheko.

"Kwa sababu ametulia kuliko wote."

"Mfunue basi!"

Akamfunua. Alikuwa Cucu Nyokabi, kidevu kifuani, mdomo wazi, usingizi mzito kabisa. Upepo ulipompiga alifungua jicho moja. Akamwona kijana wa suti ameinama juu yake kwa mapenzi, amemshika bega.

"Chai imefika?" akauliza.

Tenti ikapasuka. "Faini! Faini!" wanawake wakapiga kelele, mtu akaangusha sahani. Na mimi, Mungu ni shahidi, nilijaribu. Nilibana mabega. Niliuma pindo la leso. Nilimfikiria meneja, nikafikiria kodi ya nyumba, nikafikiria mauti. Halafu nikavuta pumzi, na harufu ya ugoro wako ikaniingia puani mpaka kwenye ubongo, nikakuona umekalia robota lako ukinitazama. Sasa nikae hivyo kama samaki?

Kilitoka, Cucu. Kilianzia tumboni kikapanda kikigongagonga, leso ikapepea, benchi likatikisika, binamu yangu wa kando akasogea. Kilikuwa kimefungiwa miaka na kilitoka na madeni yake yote. Kilipofika juu kikatoa ile hiiii, mkono ukapiga paja wenyewe. Nje ya ua nikamsikia mama mmoja akisema, "Huyo si ni Wambui!" Na mzee mwingine akamjibu kwa hofu, "Wambui gani? Wambui wa Toi alikufa!"

Niliposikia hivyo nilicheka zaidi, na machozi yakaanza kunitoka pamoja.

Kisha nikagundua kwamba nacheka peke yangu. Tenti ilikuwa imenyamaza. Nikamsikia Mama akisema "Woi" kwa sauti ndogo. Viatu vyeusi vilikuwa vinarudi, polepole, mpaka vikasimama mbele yangu.

"Nani anacheka?" Wekesa akauliza. Akainama. "Wewe ni nani?"

Aliyefunikwa hatakiwi kusema. Nikasema. "Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi Wambui. Mjukuu wa Wambui wa Toi. Na hivi ndivyo mimi hucheka, Wekesa. Si leo tu, ni kila siku, hata kanisani, hata kwenye simu. Ukinifunua, ujue unachukua na hiki."

Halafu leso ikaanza kuinuka. Mwanga ukaniingia machoni. Nilikuwa nimelowa machozi, nywele zimetawanyika, kamasi, ugoro, kila kitu. Wekesa hakuwa na uso wa mtu aliyeshtuka. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ametafuta funguo kwa muda mrefu halafu anaziona mfukoni mwake.

"Miaka miwili nakusimulia vichekesho," alisema. "Nilikuwa nadhani mimi ndio nakuboesha. Nilikuwa nafanya mazoezi nyumbani, kwa kioo."

"Havichekeshi," nikamwambia. "Aki, Wekesa, ni vibaya sana."

Akacheka! Nami nikagundua kwamba hata chake sikuwa nimewahi kukisikia vizuri, kicheko cha kukwaruza kama geti lisilotiwa mafuta, kibaya kama vichekesho vyake. Alikuwa amekiweka akiba, kwa kuwa nani atacheka kwa nguvu mbele ya mtu anayetabasamu tu? Nilikuwa nimemnyima mwenzangu kicheko chake pamoja na changu.

Mama Wekesa alikuwa ameinuka. Alikuja akipita katikati ya watu, mrefu, mkoba mkononi, na mama yangu mzazi akamkimbilia na kuanza kuomba radhi. Hakumsikiliza. Alisimama mbele yangu kama siku ile ya maji.

"Ile siku ya jogoo," akasema. "Ulikuwa unakufa na kicheko, ama?"

"Ndiyo, Mama."

"Khai! Si nilijua!" Akawageukia watu wake. "Nilimwambia mzee: huyu msichana ama ni mgonjwa, ama anacheka ndani. Na mimi nilikuwa naogopa ni mgonjwa!" Kisha yule mama mkimya wa Karen akaweka mkoba wake chini kwenye nyasi, akatupa kichwa nyuma na kupiga vigelegele vya kwao, vya nguvu, na akina mama wa kwetu wakamjibu, na wa nje ya ua wakajibu. Mtaa mzima ukawa unalia vigelegele. Baba alinikumbatia akasema, "Mama, umerudi." Mimi nilitozwa faini kwa kusema nikiwa nimefunikwa, Wekesa akatozwa mbuzi wake kwa kumchagua Nyokabi, na Nyokabi mwenyewe akauliza mara ya pili kama chai imefika. Akapelekewa birika zima.

Kliniki nilirudi nikiwa mtu mzima, yaani mzima wote. Wiki hiyo hiyo alikuja jamaa mmoja pandikizi la mtu, ameshika kiti cha daktari kwa mikono miwili na amekataa katakata kufungua mdomo. Nikaitwa nimbembeleze. Nikamsimulia kisa cha Nyokabi, na tulipofika kwenye chai nilicheka kama nilivyo, naye akaangua kicheko mpaka jino la mwisho nyuma likaonekana. "Hivyo hivyo, usifunge!" daktari akapiga kelele, tayari ameshaingiza kioo. Meneja alikuwa mlangoni na viatu vyake vya kimya.

"Mama," nikamwambia kwa heshima zote, "sokoni ndiko nililelewa. Na huko tulikuwa tunauza."

Tangu siku hiyo kiti changu amekisogeza karibu na mlango wa daktari, na wagonjwa wakipiga simu humuuliza kama yule wa kucheka yuko.

Sasa nifike kwenye la juzi. Tumepata binti, Cucu. Kwa desturi yetu wa kwanza ilikuwa aitwe jina la mama mkwe, na mimi nilikuwa tayari. Mama Wekesa akakataa. Kwao jina la mtu aliye hai haliguswi. "Langu bado nalitumia," akasema. "Mpeni la yule wa Toi." Basi likawa hilo.

Juzi tulimpeleka kanisani kubatizwa. Nilimbeba kwa leso yako. Mchungaji akasema tuinamishe vichwa, kanisa lote likanyamaza kimya kile cha kusikia nzi. Katika kimya hicho Nyokabi, safu ya pili, akaanza kukoroma. Mtoto akageuka akamtazama. Akakunja uso, akafikiria, halafu akaanza. Kutoka tumboni, Cucu! Kikapanda kikigongagonga, na kile kidomo chenye meno mawili kikatoa hiiii. Watu wakafungua macho. Mchungaji akapoteza neno.

Nikaona mkono wangu unainuka. Haki ya Mungu sikuutuma. Uliinuka wenyewe, umeshika pindo la leso, unakwenda kumfunika mdomo. Nikautazama ule mkono, nikaujua, ulikuwa umenifanyia kazi hiyo miaka mingi. Nikaushusha.

"Mtoto anaitwa nani?" mchungaji akauliza.

"Wambui!" nikasema kwa sauti yangu yote, mpaka Nyokabi akazinduka.

Kutoka nyuma kabisa, ambako wanakaa akina mama wa soko, sauti ya kizee ikauliza, "Wambui gani?"

"Wambui wa Toi!" nikajibu, na kanisa zima likacheka, na mchungaji akamwaga maji hovyo, nusu kwa mtoto, nusu kwa Wekesa.

Hiyo ndiyo habari niliyotaka uisikie. Ningeongeza mengine, ila jirani amegonga dari tena na kelele zake zimekuamsha, wewe wa asubuhi. Nakusikia kitandani ukipiga miguu, una njaa, na tayari umeanza kucheka kabla sijafika. Ngoja nije nikunyonyeshe. Hapa hakuna mtu atakayekuambia unyamaze.

Wewe wa mchana,
Wambui